Land Rover ya Zamani Inaposumbua Arusha na Moshi: Dalili, Vyanzo na Makaratasi

Mwaka jana kijana mmoja wa Sakina, hapa Arusha, aliniletea Land Rover 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli mbili) aliyoinunua Tanga. Kule pwani ilikuwa inavuta vizuri, akasema, ndiyo maana hakubishana sana kwenye bei. Haikumaliza wiki Arusha ikaanza kutoa moshi mweusi, kukohoa asubuhi na kuchemsha kila ilipoona mlima. Alikuwa ameshabadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta. Fundi wa tatu alikuwa anamshawishi aing'oe injini, aweke ya Toyota.

“Shikamoo mzee. Nadhani hili gari limekwisha.”

“Marahaba. Halijakwisha. Limepanda mlima, na hakuna aliyeliandaa kwa mlima.”

Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Gari la kisasa lina kompyuta inayopima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Land Rover ya 1975 ina kabureta yenye matundu ya kipimo kimoja, nayo huendelea kumwaga petroli kana kwamba bado iko Tanga. Maji nayo, ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 100, Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Na petroli iliyomo kwenye bomba la moto hugeuka mvuke mapema zaidi. Magonjwa mengi ninayoletewa yana mkono wa mambo haya matatu, na fundi asiyeyajua atamuuzia mtu vipuri vingi kabla hajagusa chanzo.

Ninazozungumzia ni Land Rover za Series: Series II iliyoanza 1958, IIA ya 1961, na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zenye injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286. Ndizo ninazozijua kwa mikono. Mwenye Peugeot 504 au Kombi ya Volkswagen atakuta mengi ya hapa yanamhusu pia, kwa sababu hewa ya Arusha haichagui gari.

Kabla hujashika spana, jiwekee utaratibu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha pitisha gari kwenye barabara ileile. Mimi natumia barabara ya kutoka njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Arusha. Inaanza kama mita 900 na kupanda taratibu mita 500 nzima, kwa hiyo ugonjwa wa joto, wa mafuta au wa nguvu hujitokeza wenyewe kabla hujafika Tengeru. Beba daftari. Andika geji ya joto ilisoma nini Kikatiti, Usa River na Tengeru. Ukibadilisha plagi, kabureta na pointi (swichi ndogo ya ndani ya distribyuta inayoamuru cheche) siku moja, gari likipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na likirudi kuugua utaanza upya.

Nguvu zimepungua, moshi ni mweusi

Kwanza tuondoe hofu. Injini hii ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 70 hivi. Hewa ikipungua kwa asilimia 15, usitarajie zaidi ya 60 ukiwa Arusha hata kila kitu kikiwa sawa. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale gari tupu linaposhindwa kupanda kwa gia ya tatu, au plagi zinapotoka nyeusi na zenye masizi makavu kama ya chungu cha kuni.

Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Watu wengi hukimbilia kabureta. Anza na chujio la hewa. Series zina chujio la oili: hewa inapita juu ya bakuli lenye oili na vumbi linanaswa humo. Vumbi la Longido au la Mererani wakati wa kiangazi huigeuza oili hiyo kuwa tope ndani ya muda mfupi, na injini inakabwa koo. Fungua bakuli, mwaga, osha wavu kwa mafuta ya taa, ukaushe, weka oili mpya hadi kwenye alama. Usipitishe alama. Oili ikizidi inavutwa na injini na utaona moshi wa bluu ambao jana haukuwepo. Nimewahi kuona injini ikifunguliwa kubadilishwa ringi za pistoni, kumbe kosa lilikuwa bakuli lililojazwa hadi mdomoni.

Kisha tazama choki, kile kibati kinachopunguza hewa ili gari liwake likiwa baridi. Mtu mmoja avute na kurudisha kitufe ndani ya kabini, mwingine atazame kwenye kabureta kama kile kibati kinafunguka hadi mwisho. Waya wa miaka 40 hukwama njiani, na gari hutembea na choki nusu mchana kutwa.

Hapo ndipo ufike kwenye kabureta. Zenith 36IV, iliyofungwa kwenye nyingi ya gari hizi, ina ugonjwa wake unaojulikana: kifuniko cha juu hupinda, kwa joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kwa nguvu zote. Kikipinda, hewa na petroli hupenya pasipotakiwa. Dalili yake ni kwamba ukizungusha skrubu ya mchanganyiko gari likiwa limesimama linaunguruma, hakuna kinachobadilika. Usiitupe. Ifungue, weka msasa laini juu ya kioo kinene, sugua uso wa kifuniko kwa mzunguko hadi ung'ae wote sawasawa, weka gasketi mpya na ile pete ndogo ya mpira ya ndani. Kazi ya saa mbili. Kama imeliwa kabisa, wengi huweka Weber 34 ICH, nayo inafaa, ila huja na jeti, yale matundu ya kupimia petroli, zilizochaguliwa kwa nchi za chini.

Baada ya hayo, kama plagi bado ni nyeusi, ndipo mwinuko wenyewe unapodai haki yake. Punguza jeti kuu kwa saizi moja, endesha kutoka KIA, fungua plagi, tazama. Rangi ya kahawia nyepesi, kama chai ya maziwa, ndiyo unayoitafuta. Nyeupe ni hatari: petroli imekuwa pungufu na valvu za ekzosi zitaungua. Na hapa namsihi kila mwenye gari anayeshuka Tanga au Dar: hifadhi jeti ya zamani kwenye kopo ndani ya gari. Jeti iliyochaguliwa Arusha, ukikaa nayo pwani kwenye hewa nzito, inaunguza injini kimyakimya.

Linachemsha

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni moja: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni tu na likitulia barabara ikifunguka, tatizo liko kwenye feni: mkanda umelegea, au kile kizingio cha bati kinachozunguka feni kimetolewa na hakikurudishwa. Likichemsha ukiwa kwenye mwendo, rejeta imeziba au maji hayazunguki. Likichemsha kwenye mlima huku likiwa zito, tazama moto wa plagi unakuja saa ngapi. Na kama maji yanatoa mapovu kwenye rejeta toka asubuhi ukiwasha tu, gasketi ya silinda hedi imepasuka, usiendelee kuendesha.

Huku kwetu lakini, kabla ya yote, tazama kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha Series III hushikilia presha ya ratili 9 kwa inchi ya mraba. Kikiwa kizima, maji ya Arusha hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Kikiwa kimechoka, yanachemka kwenye 95. Nyuzi 15 nzima zimebebwa na kipande cha mpira na spring! Pwani gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuponea chupuchupu; likifika Arusha linamwaga maji Tengeru. Kikague injini ikiwa baridi: mpira usiwe na ufa wala mchoro mzito wa mdomo wa rejeta, na spring irudi kwa nguvu. Halafu endesha, na gari likiwa la moto bonyeza bomba la juu kwa kitambaa. Liwe gumu kama tairi la baiskeli. Likiwa laini, presha inatoroka.

Sasa thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Huu ni ugomvi wangu wa miaka mingi na mafundi wa mikoa hii. Gari likichemsha, cha kwanza wanachokifanya ni kuing'oa na kuitupa, wakisema maji yapite bila kizuizi. Kwenye injini hii kuna njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, na thamostati ya aina sahihi inapofunguka ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa hata mara moja. Asubuhi za Juni na Julai, ambapo Arusha ni baridi kweli, injini isiyo na thamostati haifikii joto lake, petroli inaosha kuta za silinda, oili inakuwa na utando mweupe, na mwenye gari anaambiwa gasketi imekufa. Ichemshe thamostati ndani ya sufuria yenye kipimajoto. Ikifunguka karibu na nyuzi zilizopigwa mhuri juu yake, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine.

Rejeta yenyewe ipime kwa kiganja. Zima injini ya moto, subiri feni isimame, pitisha mkono kwa uangalifu mbele ya rejeta. Pale panapokuwa pa baridi katikati ya joto, mirija imeziba. Nje, mbegu za majani na vumbi hujaza mapezi. Osha kwa maji kutoka upande wa injini kuja mbele, sio kinyume. Ndani, usijaze maji ya kisima chenye chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa safi, yakichanganywa na dawa ya rejeta, ni bora zaidi ya maji ya bomba yaliyoacha ukoko mweupe kwenye birika lako nyumbani.

Na moto uliochelewa. Pointi za distribyuta zina kisigino kidogo kinachosuguana na kamu. Kikilika, nafasi inapungua, na moto unachelewa kidogo kidogo bila mtu kugundua. Gari linakuwa zito na joto linaingia kwenye ekzosi na kwenye maji badala ya kusukuma pistoni. Nafasi sahihi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Baada ya hapo, vuta kwa mdomo ule mpira mwembamba unaotoka kabureta kwenda distribyuta. Sahani ya ndani isogee na ibaki hapo hadi uachie. Isiposogea, kile kiwambo cha ndani kimetoboka.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Hii ndiyo dalili inayowatia watu umaskini, kwa sababu gari likifika kwa fundi limeshapoa na halina ugonjwa. Uchunguzi wake ni pale pale barabarani, ndani ya dakika tano za kwanza, kabla ya kumpigia mtu simu.

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inafyonzwa kwa sauti, tundu la kupumulia limeziba, pampu ilikuwa inavuta petroli kwenye tangi lisiloingiza hewa. Nimekuta tundu hilo limezibwa na rangi. Safisha, ondoka.

Kama hakuna sauti, tazama cheche. Vua waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, ishike kwa kitambaa kikavu ikiwa imegusa chuma cha injini, mbali na kabureta, na mwenzako apige stata. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Ya njano, nyembamba, au isiyokuwepo, inakupeleka kwenye kondensa, koili au rotori. Vitu hivi vikiwa vya moto ndipo vinapokufa, na vikipoa vinafufuka. Siku moja nikitoka Mto wa Mbu nilikwama Makuyuni hadi jioni kwa sababu ya rotori mpya niliyoinunua juzi yake. Ile ya kale niliyokuwa nimeitoa, ambayo haikuwa na kosa, nilikuwa nimeiacha nyumbani. Vipuri vipya vya kuwasha vya siku hizi vinatofautiana sana kwa ubora. Ukibadilisha kondensa au rotori inayofanya kazi, ile uliyotoa iweke kwenye gari, usiitupe.

Cheche ikiwa nzima, basi ni petroli. Chomoa kwanza waya mkuu wa koili ili kusiwe na cheche mahali popote, vua bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa na upige stata kidogo. Petroli ikitoka kwa mikupuo yenye nguvu, kosa liko ndani ya kabureta. Ikitoka povu au isitoke, imegeuka mvuke njiani. Mvuke huu ni rafiki wa mwinuko, kama nilivyosema. Tafuta bomba linapopita karibu na ekzosi, lisogeze, lifunike kwa kitu kisichopitisha joto. Kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu kitakufikisha nyumbani, ila si tiba. Na kama ule mpira wa ndani wa pampu ni wa zamani, petroli inaweza kuwa inavujia kwenye oili. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, usiwashe hadi umebadilisha vyote viwili, mpira na oili.

Stata nzito, na choki inaunguza mkono

Gari linazungusha kwa uvivu, betri ni mpya, na ukigusa kitufe cha choki kina moto. Wengi hawaamini hadi waguse. Umeme wa stata unatakiwa urudi kwenye betri kupitia utepe wa athi unaounganisha injini na chasisi. Utepe huo ukishika kutu, umeme hutafuta njia nyingine, na waya wa choki ni chuma kinachotoka injini hadi kwenye bodi. Unageuka kuwa njia kuu.

Chukua mita. Weka waya wake mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini kisicho na rangi, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, fungua ncha zote za athi, zisugue hadi zing'ae, paka grisi, kaza. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, na injini ikiwa imewaka, iwe kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo, oltaneta au mkanda. Juu ya 15, regyuleta imekufa na betri itachemka.

Angalizo kwa wenye gari za mwanzoni mwa miaka ya 1960: zilitoka kiwandani na athi chanya, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na chasisi. Ukifunga redio ya kisasa au oltaneta bila kujua hilo, utanusa moshi kabla hujasikia muziki.

Tapeti zinazojifunga zenyewe

Nafasi ya valvu, ile inayorekebishwa kwenye tapeti, kwenye injini hii ni milimita 0.25, ya kuingiza na ya kutoa. Kawaida nafasi hupanuka kwa kuchakaa. Ukikuta kila ukipima ya ekzosi imepungua, kiti cha valvu kinaliwa na valvu inazama. Petroli yenye risasi, iliyokuwa inalinda viti hivyo, iliondolewa Kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Rekebisha nafasi, pima tena baada ya kilomita 1,000, na ukiona inaendelea, panga kuweka viti vigumu siku hedi itakapofunguliwa. Usisubiri valvu iungue.

Breki na stelingi

Pedali inashuka karibu na sakafu, ukipampu inapanda. Usianze kutoa hewa. Rekebisha kwanza viatu vya breki visogee karibu na ngoma: kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina virekebishi viwili, na mafundi wengi hukaza kimoja na kusahau cha pili. Zungusha hadi gurudumu likamate, rudisha kidogo tu hadi liachie. Pedali ikiwa bado laini baada ya hapo, ndipo utoe hewa.

Breki ikivuta upande mmoja, fungua ngoma ya upande ule usioshika. Mara nyingi utakuta viatu vimelowa oili ya difu iliyopita sili ya habu. Kabla ya kununua sili, tazama kitundu cha kupumulia cha ekseli. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto presha inasukuma oili nje, na sili mpya itavuja kama ya kale.

Stelingi kutetemeka kwa nguvu ukigonga shimo kwenye mwendo wa kilomita 60 ni jambo la kusimamisha gari siku hiyohiyo. Inua mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise. Kisha kushoto na kulia, mwenzako akitazama tairodi endi. Mchezo wa juu na chini ni beringi za habu au pini za kugeuzia. Balansi ya matairi ni ya mwisho kwenye orodha yangu, ingawa ndiyo ya kwanza watu wanayolipia.

Kutu iliyojificha

Bodi ni alumini, kwa hiyo watu hudhani gari halishiki kutu. Chasisi ni chuma, na kile kiunzi kinachobeba dashibodi na sehemu ya kuwekea miguu ni chuma pia. Alumini na chuma vikikutana penye unyevu, vinalana. Gari lililokaa Tanga au Dar linakuja na chumvi ya bahari ndani ya chasisi. Gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lililofunikwa. Usikubali bati lichomelewe juu ya kutu. Kata hadi chuma safi.

Kabla ya kuweka injini nyingine

Sipingi kubadilisha injini. Dizeli yenye turbo ina hoja ya kweli Arusha, kwa sababu turbo inasukuma hewa ndani na hivyo haiumizwi na mwinuko kama kabureta. Injini ya 300Tdi au 200Tdi ya Land Rover yenyewe, cc 2,495, nguvu za farasi 111 hivi, imewekwa kwenye Series nyingi duniani. Lakini pima gari zima. Breki zilizotosha farasi 70 zinatakiwa zisimamishe 111. Kama breki zina sevo (kile kisaidizi cha kukanyaga kinachotumia mvuto wa hewa), dizeli haitoi mvuto wa hewa kwenye manifodi, lazima uwe na pampu ya vakyumu. Shafti za ekseli ya nyuma zinakatika ukikanyaga kama kijana. Na difu za Series ni za uwiano wa 4.7, kwa hiyo injini itapiga kelele kwenye lami ya Moshi huku mwendo ukiwa mdogo.

Tena kadi ya gari ina namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Ukiibadilisha injini, umebadilisha kadi.

Makaratasi yanapogoma

Makaratasi nayo ni sehemu ya gari, na yana dalili na vyanzo kama kabureta.

Dalili: aliyekuuzia si aliyeandikwa kwenye kadi. Land Rover kongwe hupita mikono minne bila mtu kuhamisha umiliki. Usilipe pesa yote. Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, inahamisha kutoka kwa aliyeandikwa kwenda kwako, haitambui walio katikati. Mtafute aliyeandikwa, muandikishane mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nyote mkiwa na TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho. Kama ni marehemu, familia ipate kwanza msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Gari la kijana wa Sakina lilikuwa hivyo. Kabureta tuliimaliza Jumamosi moja. Mirathi ilichukua miezi, kwa sababu watoto wa marehemu walikuwa wametawanyika.

Dalili: lina namba ya kale inayoanza na TZ, halijawahi kupewa namba ya mfumo wa sasa wa T na tarakimu tatu. Hapo anza na TRA kabla ya kununua, ukiwa na kadi ya asili mkononi, uulize kama gari limo kwenye kumbukumbu zao. Kwa gari la shirika la umma lililouzwa mnadani, tafuta hati za mnada; bila hizo mlolongo umekatika.

Dalili: gari lina namba za Kenya, muuzaji anasema ni jambo la kuvuka tu. Si la kuvuka tu. Lazima lipite forodha Namanga au Holili, likadiriwe ushuru wa kuingiza, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa uchakavu unaotozwa magari yenye umri mkubwa, ndipo lisajiliwe. Tanzania haikatazi gari kwa umri wake, ila inalitoza. Kokotoa kwanza, kisha uamue.

Dalili: faini. Chunguza namba ya gari kwenye mfumo wa malipo wa trafiki kabla ya kukabidhi pesa. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo anayekudai hiyo leo ana lake. Bima ya angalau mtu wa tatu bado ni lazima.

Dalili: namba ya injini haifanani na kadi. Hii ni ya kawaida kwa gari la miaka 50, na haina aibu ikielezwa mapema. Kusanya risiti ya injini, peleka gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha uombe TRA ibadilishe taarifa. Namba utaikuta imepigwa kwenye bloku, mbele, karibu na manifodi ya ekzosi.

Namba ya chasisi iko mahali pawili: kwenye kibati ndani ya kabini, na imepigwa kwenye chuma cha mbele kulia kinachoshika spring. Hii ya pili ndiyo mkaguzi anayoitafuta, na ndiyo inayofunikwa na tope, grisi na rangi za miaka yote hiyo. Isafishe kwa dawa ya kutoa rangi na brashi laini ya shaba, polepole. Usiweke grainda hapo. Msasa ukiila, hata kama gari ni halali toka kiwandani, utaulizwa kwa nini imefutwa, na jibu lako halitakuwa na ushahidi. Ikisomeka, ipige picha pamoja na kibati, kisha uifunike kwa grisi nyepesi.